Jibu Lililokwama Katika Chumba cha Kushonea

Haya yalitokea mwaka 2018, majira ya kipupwe. Asubuhi zilikuwa za baridi, na wifi yangu alishona akiwa amejitanda shuka juu ya gauni, akilalamika kwamba sindano inamng'ata vidole kama mbwa asiyemjua mwenyewe.

Wifi huyu ni dada wa marehemu mume wangu. Tangu tuwe wajane sote wawili tunaishi nyumba moja, naye amekigeuza chumba cha mbele kuwa mahali pake pa kazi. Humo mna cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia vitambaa, mashine ya kutarizi, na kompyuta inayoiongoza mashine hiyo. Nembo ya shule huchorwa kwanza kwenye kompyuta, kisha sindano huishona yenyewe kifuani mwa sweta bila mtu kushika uzi. Kazi yangu mimi ni kukata nyuzi zilizobaki na kuyasoma maneno ya nembo kabla hayajashonwa, kwa kuwa nilifundisha miaka mingi, na sare yenye kosa la tahajia hutembea na kosa hilo barabarani mwaka mzima.

Kipupwe hicho kompyuta ya wifi ilikuwa imebeba mzigo mwingine, usiohusu sweta. Aliyeuleta ni mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa kwanza, ambaye hufanya kazi katika ofisi ya wapima ardhi na ambaye hawezi kuiona kompyuta imekaa bure bila kuihurumia.

"Shangazi," alimwambia wifi siku aliyouleta, "kuna watafiti wana hesabu nyingi kuliko kompyuta walizo nazo. Basi wanazigawa vipande vipande. Mwenye kompyuta akipenda kujitolea anachukua kipande, mashine yake inakihesabu wakati haina kazi, halafu inawarudishia jibu. Ni kama gunia la mchele linalochambuliwa na mtaa mzima, kila mtu na ungo wake."

"Na mchele wenyewe ni wa nani?" wifi aliuliza bila kuinua macho.

"Huu ni wa damu. Wanatafuta umbo la dawa itakayosaidia damu igande kwa wanawake wanaotokwa na damu nyingi wakijifungua."

Cherehani ikanyamaza.

"Weka," wifi akasema. "Weka sasa hivi, kabla sijamaliza kola hii."

Mimi sikuhitaji kuuliza sababu. Wifi alipojifungua pacha wake, nilikuwa nimeketi kwenye korido ya hospitali, na nilimwona muuguzi akitoka mbio akiuliza nani atatoa damu. Mimi nilikuwa wa kwanza kusimama. Walinipima, wakanirudisha kwenye benchi: damu yangu haikuoana na yake. Hilo limekuwa tusi lake alipendalo hadi leo. Nikimkosoa neno moja tu, hunijibu, "Kwani nishangae? Hata damu yako ilinikataa, wifi." Waliofaa ni watu watatu tusiowajua, waliokuwa pale wakingoja wagonjwa wao. Mmoja alikuwa na saruji kavu kwenye viatu. Mwingine alikuwa mama mwenye kikapu, akaniomba nimshikie kikapu chake. Waliingia, wakatoka, wakaenda zao. Siku wifi alipoweza kuketi na kuuliza walikuwa akina nani, hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Tangu hapo alitaka kurudisha. Mara ya kwanza aliambiwa uzito wake hautoshi. Alipojaza mwili, akaambiwa presha yake hairuhusu. Presha ilipotulia, akaambiwa umri umepita, na yule aliyemwambia alimwita bibi. "Dawa ya deni ni kulipa," alikuwa akisema, "lakini mimi dawa hiyo nimenyimwa dirishani." Alilisema kwa kicheko, ila mimi niliyelala naye nyumba moja nilijua kwamba kila alipomwona mwanamke mjamzito barabarani alimfuata kwa macho mpaka akapotea.

Basi programu ikawekwa, kompyuta ikapokea kipande chake, ikaanza. Ilikuwa mashine ya zamani, nayo hesabu ilikuwa ndefu. Wenye mashine mpya walimaliza vipande vingi. Yetu ilikazana na hicho kimoja wiki baada ya wiki, ikinguruma polepole wakati wifi anapiga pasi au anashona vifungo kwa mkono. Kila alipopita karibu nayo aliipapasa mgongoni. "Jikaze," aliiambia. "Ulitumwa na mimi."

Kisha watafiti wakatangaza kwamba kundi lile la hesabu litafungwa siku ya Ijumaa. Majibu yatakayokuwa yamefika yatapelekwa maabara. Yasiyofika yatahesabiwa kuwa hayapo, na vipande vyake vitapewa mashine nyingine. Mkamwana alitusomea tangazo hilo Jumatatu, na kwa bahati njema siku hiyohiyo, wifi akiwa anapinda suruali, kompyuta ikamaliza kazi yake. Tulishangilia kama watu waliopata mjukuu.

Shangwe haikudumu. Chini ya neno *imekamilika* kukatokea maandishi mekundu: *Imeshindwa kutuma jibu. Ombi limekataliwa. Itajaribu tena baadaye.*

"Baadaye ndiyo lini?" wifi akauliza.

Baadaye ilikuwa dakika moja, halafu robo saa, halafu saa nzima. Kila ilipokataliwa, programu ilingoja muda mrefu zaidi kabla ya kubisha hodi tena, kama mgeni mwenye adabu anayeanza kuhisi kwamba ndani wapo ila hawamtaki.

Mkamwana alikuwa likizoni wiki hiyo. Kila asubuhi alipeleka watoto shule, kisha akaja kwetu saa nne na kukaa kwenye stuli ya wifi mbele ya kompyuta. Jambo la kwanza alilofanya ni kuchomoa ukutani waya wa ruta, kile kisanduku cha mtandao, kungoja kidogo, na kuuchomeka tena.

Wifi alimtazama kwa masikitiko. "Ndiyo elimu yenyewe ya chuo kikuu hiyo? Kuchomoa na kuchomeka? Hata mimi pasi yangu ikigoma naifanyia hivyohivyo."

"Na pasi inapona, shangazi?"

"Inapona."

"Basi tumesoma chuo kimoja."

Taa za ruta zikawaka zote, lakini jibu halikwenda. Mkamwana akafungua kurasa za habari. Zikafunguka bila taabu. Akafungua barua pepe zake, zikaja. "Njia ipo," akasema. "Ila kuna mlango mahali fulani umefungwa." Akaenda kuutazama ule ukuta wa ulinzi uliomo ndani ya kompyuta yenyewe, unaoamua programu ipi itoke na ipi izuiwe, akaipa programu yetu ruhusa. Akaizima kompyuta, akaiwasha. Maandishi mekundu yakarudi, na safari hii wifi hakutania.

"Ikifika Ijumaa halijaenda," akasema, "nitakuwa sikutoa kitu."

"Umetoa, shangazi. Mashine imefanya kazi wiki zote hizi."

"Mwanangu, mtu akikuambia amekupikia chakula kisha akakiacha jikoni kwake, umekula?"

Mkamwana akaigeukia kompyuta. Aliingia kwenye jukwaa la wanaojitolea, huko mtandaoni, mahali ambapo mwenye shida huieleza na mwenye ujuzi humsaidia akipenda. Akaandika yaliyotupata, akaambatisha kumbukumbu ambazo programu huziandika yenyewe, kila tukio na saa yake. Aliongeza kwamba mwenye kompyuta ni mama mtu mzima, fundi cherehani, na kwamba jibu hili ni la pekee kwake.

Aliyejibu alijiita Bundi.

"Bundi!" wifi akaruka. "Ndege wote alioumba Mungu, huyu kachagua bundi? Mwambie asitue kwenye paa langu. Nitamfukuza kwa fimbo ya pazia."

"Ni jina la utani tu, shangazi. Huko kwao labda bundi ni ndege mwenye hekima."

"Hekima gani ya kukesha na kulia watu wakilala?"

Lakini huyo Bundi alifanya jambo lililoniondolea chuki mimi kabla ya wifi. Aliposikia kwamba mwenye mashine husoma Kiswahili, hakumwandikia mkamwana tena kwa lugha ya jukwaa. Aliyapitisha maneno yake kwenye mashine ya kutafsiri ili wifi ayasome mwenyewe. Kiswahili chake kilichechemea kama kiti chenye mguu mfupi, lakini kilikuwa kiti, na kilikuwa kimeletwa kwa ajili yetu. Mtu asiyetujua alikuwa amefikiria nani ataketi.

Aliuliza maswali kwa utaratibu ambao ningefurahi kuuona kwa wanafunzi wangu. Je, programu imepangiwa kupitia kwa wakala yeyote, yaani kompyuta ya katikati, kabla ya kufika kwenye mtandao? Tukatazama, hapana. Je, seva ya watafiti, ile kompyuta yao inayopokea majibu, ni nzima? Alikwenda kuuliza mwenyewe, akarudi na habari kwamba majibu ya wengine yanapokelewa. Je, kompyuta inaijua anwani ya seva? Akatuandikia maneno ya kuandika, mkamwana akayaandika, kompyuta ikajibu kwamba inaijua. Baada ya kila hatua alitupongeza. Na kila ujumbe wake ulimalizika kwa namna moja.

*Sasa tafadhali, mama wapendwa, nendeni kwenye kitanda. Usingizi ni muhimu.*

Mara ya kwanza tulidhani ni mashine ya kutafsiri iliyoteleza. Katika ujumbe uliofuata akarudia.

"Saa nne asubuhi ananiambia nikalale!" wifi akasema. "Amesikia nina mimba?"

"Labda ameona mishono yako ya jana," nikamwambia, "akadhani ulikuwa unasinzia."

"Wewe nyamaza. Wewe ndiye mwenye mwili wa kulala."

Jumatano mkamwana hakuweza kuja, kwa kuwa mtoto wake alikuwa na homa. Wifi alizunguka chumbani mpaka nikachoka kumtazama, kisha akajifunga kanga na kwenda kumwita fundi wa kompyuta mwenye kibanda kando ya duka la dawa. Alikuja bila kukawia, kijana wa watu, akatuamkia vizuri na kuketi.

"Bibi, hii dawa yake ni moja," akasema baada ya kuitazama. "Tunaifuta programu yote, tunaiweka upya. Haichukui muda."

Wifi alikuwa amekata tamaa kiasi kwamba alishatikisa kichwa kukubali. Mshale ulikuwa umeshafika mahali pa kufutia. Kisha akamshika fundi bega.

"Hebu niambie, baba. Mimi nikifumua mshono, kitambaa kinabaki. Wewe ukifumua hii, kinabaki nini?"

Fundi akafikiri. Angeweza kutudanganya, nasi tusingejua. "Kwa kweli, bibi," akasema, "kwa hiyo kazi iliyomo ndani, hakibaki kitu."

"Basi toa mkono."

Akautoa. Na hakuishia hapo. Aliliona jibu lilivyohifadhiwa, akalinakili kwenye flashi yake mwenyewe, akamkabidhi wifi. "Hii haiwezi kulituma," akasema, "lakini kama kompyuta itaharibika kabla ya Ijumaa, angalau jibu lenyewe litakuwa salama. Flashi nitairudia." Alipoulizwa bei alisema hajatengeneza kitu. Wifi alimlazimisha avue koti lake, akamshonea mfuko uliokuwa umechanika, kwa cherehani, mbele ya macho yake, huku akimgombeza kwa kutembea na mfuko wa namna ile. Nilimwona kijana yule akitoka barabarani akiupapasa mfuko wake.

Alhamisi mkamwana akarudi saa nne ileile, homa ya mtoto imeshuka. Wifi hakuwa amegusa kazi tangu asubuhi. Sweta zilizofuliwa zilikuwa kwenye kamba nje ya dirisha, jua limezipiga mpaka zinatoa mvuke, na mimi nilikuwa nikinywa chai yangu ya pili. Mkamwana akampelekea Bundi kumbukumbu mpya za programu. Jibu lake likaja upesi, na mkamwana akalisoma kwa sauti akijuta kila neno.

*Rafiki zangu, ninaona tena mnafanya kazi kabla ya alfajiri. Siku zote kabla ya alfajiri. Ninyi ni wazee. Kompyuta inaweza kungoja, mwili hauwezi. Ninawaomba kulala.*

Wifi alisimama. "Andika," akamwambia mkamwana. "Andika kama ninavyosema, usinipunguzie. Mwambie: Bwana Bundi, shikamoo kama u mkubwa wangu, na kama si mkubwa wangu basi uniamkie wewe. Umetusaidia, Mungu akulipe, lakini unanilaza kama mtoto mchanga na mimi nina wajukuu. Hapa jua limejaa chumba. Nguo zangu ziko kambani. Mwalimu anakunywa chai. Alfajiri gani unayoiona wewe?"

Mkamwana akaandika. Nikaogopa kwamba tumempoteza.

*Jua?* Bundi akaandika. Kisha: *Tafadhali, picha moja. Dirisha na skrini pamoja.*

"Anataka kutuona," wifi akasema kwa shaka, lakini papo hapo akaanza kukifunga kitambaa chake cha kichwa upya. Mkamwana akarudi nyuma na simu yake. Katika picha hiyo, ambayo bado ninayo, dirisha limejaa mwanga, sweta zimening'inia na mikono yake chini, kompyuta iko mbele yake, na kando ya kompyuta amesimama wifi, mikono kiunoni, kama mtu anayepokea wageni asiowaalika.

Jibu lilikuja refu. *Samahani sana, mama. Mimi nilidhani ninyi hamlali. Sikuuliza mnaishi upande upi wa dunia kwa sababu si heshima kuuliza. Niliamini kumbukumbu za mashine yenu. Lakini mashine yenu inaamini ni usiku. Tazameni saa kwenye pembe ya skrini.*

Tukatazama. Ilisema nne na dakika kadhaa. Tukaitazama saa ya ukutani, nayo ikasema nne na dakika kadhaa.

"Iko sawa," wifi akasema.

"Sawa kabisa," nikasema mimi.

"Iko sawa," mkamwana akaanza kusema, mkono wake ukiwa bado na simu. Akaitazama simu. Simu ilisema kumi. Akaitazama kompyuta. Akaitazama saa ya ukutani, ambayo ameiona tangu aolewe. Kisha akaketi taratibu juu ya rundo la sweta za kidato cha kwanza, akacheka mpaka akashika mbavu.

Msomaji asiyeijua nyumba hii hana budi kuelezwa. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakukubali maishani mwake kwamba mshale uelekeze kumi na mtu aseme saa nne. "Saa inayosema uongo ni ya nini?" alikuwa akiuliza. Kwa hiyo kila saa ya nyumba yake ilirekebishwa ili mshale uelekeze saa inayotamkwa: saa nne, nne, saa moja, moja. Wanawe waliendeleza hivyo, na mimi niliyeolewa kwao nilizoea mpaka nikasahau kwamba kuna namna nyingine. Mkamwana naye, akiwa kwetu, macho yake yaliona nne na akili yake ikajua ni saa nne, na hapakuwa na kitu cha kumshtua. Katika nyumba nyingine yoyote mtu angepiga ukelele siku ya kwanza. Kwetu ile ndiyo iliyokuwa saa sahihi.

"Shangazi," mkamwana akasema akijifuta machozi, "nani aliigusa saa ya kompyuta?"

"Mimi," wifi akajibu bila aibu. "Ilikuwa inasema kumi na ni saa nne. Nikaisahihisha. Na ilinishinda mara mbili tatu! Naiweka sawa, inarudi. Naiweka, inarudi. Mpaka nikakipata kile kitufe kinachoifanya ijirekebishe yenyewe, nikakizima."

"Lini hiyo?"

"Wakati hesabu imeshaanza. Kwani kuna ubaya gani? Saa ni saa."

Bundi ndiye aliyetueleza ubaya. Kila jibu linapotoka, alisema, hugongwa muhuri wa saa ya kompyuta iliyolituma. Seva inayopokea hulinganisha muhuri huo na saa yake yenyewe, na ikiona tofauti kubwa hukataa, kwa hofu ya wadanganyifu. Kurasa za habari hazijali saa ya mtu, ndiyo maana zilifunguka. Lakini mbele ya mlango ule kila barua yetu ilifika ikiwa tayari imechacha. Kipande tulikipokea kabla saa haijaguswa. Ndiyo maana kuingia kiliingia na kutoka hakikutoka.

Wifi aliyasikia yote akiwa amesimama. Kisha uso wake ukabadilika.

"Basi ni mimi," akasema. "Wiki nzima nalaumu mlango, kumbe ni mimi niliyeufunga."

Sikupenda kumwona vile. "Ni marehemu baba yako," nikamwambia. "Wewe umerithi tu. Na kama urithi wenyewe ni huo wa saa, shukuru hukurithi na pua yake."

Akanitazama. Alikuwa amerithi pua yake, na sote watatu tulilijua hilo. Kicheko kilianza kwake.

Mkamwana alikuwa ameshakiwasha kile kitufe. Namba kwenye pembe ya skrini zikaruka kutoka nne hadi kumi, na wifi akafumba macho kidogo kama mtu anayemwagiwa maji baridi. "Haya," akasema, "iseme uongo. Mradi jibu liende."

"Basi tubonyeze sasa. Ikingojewa ijaribu yenyewe itachukua masaa."

"Bado."

"Shangazi, kesho ni Ijumaa."

"Najua kesho ni nini. Mtu amekaa na mimi tangu Jumanne, kila siku anaogopa nitakufa kwa kukosa usingizi, halafu nimwache mlangoni bila kumwambia ahsante? Andika kwanza."

Nilisogeza kiti changu, maana barua hiyo nilitaka iwe na sentensi kamili. Lakini alipoanza kuisema sikuwa na la kusahihisha.

"Bwana Bundi," akasema. "Mimi nilidhani unanitania, kumbe ulikuwa unanihurumia. Nilisema nitakufukuza kwa fimbo. Uliyoyafanya yamenitoa fimbo mkononi. Zamani watu watatu nisiowajua walinipa damu yao, nikabaki hai, nikalea wanangu. Sikuwahi kuwaambia ahsante kwa kuwa sikuwapata. Wewe nimekupata, kwa hiyo nakuambia ahsante yako, na yao naiweka papo hapo, ili wasiikose kabisa. Nyumbani kwetu wewe si bundi. Wewe ni kaka."

Mkamwana aliandika polepole. Tulingoja. Bundi alichelewa kujibu kuliko siku zote, na alipojibu hakusema neno kuhusu kitanda.

*Dada,* aliandika. *Sasa tuma.*

Mkamwana akaupeleka mshale kwenye kitufe cha kutuma, akainua kidole.

"Ondoka hapo, mwanangu," wifi akamwambia kwa upole. "Anayedaiwa ni mimi."

Wakabadilishana nafasi. Wifi akaketi kwenye stuli yake mwenyewe, akaivua shuka mabegani, akakifungua kifungo cha mkono wa gauni na kuukunja mkono huo mpaka juu ya kiwiko, jambo ambalo kubonyeza kitufe hakukulihitaji. Akauweka mkono mezani, wazi, akavuta pumzi, akabonyeza.

Maandishi mekundu yakatoweka. Mstari mwembamba ukatokea, ukaanza kujaa kutoka kushoto, taratibu sana, kwa kuwa jibu lilikuwa kubwa na mtandao wetu si wa haraka. Nje sweta ziligeuka kwenye kamba. Mstari ukafika katikati, ukasita, ukaendelea, ukajaa. Kisha likaandikwa neno moja, *limepokelewa*, na ile safu ya hesabu yetu iliyokaa kwenye skrini wiki zote hizo ikafutika, pakabaki peupe.

Wifi hakuuondoa mkono wake. Aliuacha umelala mezani, kiganja juu, kama mtu anayengoja kuwekewa pamba.

"Mwalimu," akaniita, na si kawaida yake kuniita hivyo bila kunitania. "Imetosha?"

"Imetosha," nikamwambia. "Umelipa."

Nikamteremshia mkono wa gauni, nikamfungia kifungo.